Kamanda Aliyetufundisha Kuuliza

Ulikuwa mwaka wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Asubuhi michembe, mchana michembe, na jioni tunaitwanga hiyo hiyo michembe tunaikoroga iwe uji, ili tumbo lidhani limepewa kitu kingine. Mtama uliungua ukiwa magotini, mahindi hata magotini hayakufika. Kule kwetu upande wa Mhunze, mtu aliyekuwa na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, alipika mlango umefungwa. Mwaka huo ndio niliobeba sufuria, jembe na mjukuu wangu Minza, nikaenda machimboni nje ya Segese kuponda mawe. Na mwaka huo ndio nilipomjua Kamanda.

Jina lake analo. Silisemi, maana hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Alizaliwa wapi, baba yake nani, mume alimwacha au alimzika, sikuuliza, na aliyejaribu kuuliza aliangaliwa mpaka akakumbuka ana kazi nyumbani. Alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Wanaume walikuwa na mtemi wao, mzee mwenye kofia, lakini filimbi ikilia watu walitafuta kwa macho yuko wapi yule mwanamke.

Alikuwa mfupi. Shingo imeingia mabegani kwa kubeba viroba vya mawe, vifundo vya mikono vinene kama vya mwanamume wa jembe. Jicho la kushoto lilitoa machozi saa zote, kipande cha jiwe kiliingia humo na hakikutoka. Wageni walidhani analia, wakamwonea huruma. Waliacha haraka. Sikio la kulia lilikuwa nusu. Wengine walisema ni fisi, wengine walisema ni mke mwenza. Yeye alisema, "Nusu iliyobaki inasikia, wewe sema."

Fimbo yake ilimfika kifuani, kichwa kimeng'aa kwa mafuta ya mkono. Nimeiona ikivunja taya la mtu aliyemwingilia mjane. Nimeiona ikipasua mitungi ya gongo kwenye kila nyumba ya mtaa mmoja, gongo inatiririka mpaka bata wakalewa. Na Jumapili jioni nimemwona mwenye fimbo mwenyewe anakunywa gongo, amegeukia ukuta, kimya, kama mtoto anayeiba sukari. Asubuhi ya Jumapili hiyo hiyo alikuwa kwenye kwaya, anaimba kwa sauti nyembamba, nyembamba mno, hungeamini imetoka kwenye kifua kile. Na sindano aliiogopa. Aliwahi kutoroka zahanati kupitia dirishani akaacha kandambili zake kwa mganga, akamtuma mtu azifuate.

Sasa niwaeleze habari za Minza. Ni mtoto wa kike wa binti yangu aliyeolewa mbali. Mume mpya alisema huyu simtaki, binti yangu akaniletea. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na maneno yake yote wakati ule yangeenea kwenye kiganja. Akili yake inakwenda polepole. Lakini inakwenda. Ni mrefu, ana shingo nzuri, na anabeba ndoo ambayo wewe unayesoma hapa ungeitua njiani. Mjukuu wangu. Nasema hivyo mahali popote.

Alikuwa na tatizo moja baya kuliko hiyo akili ya polepole. Alisema ndiyo. Ukimpandishia sauti tu, ndiyo. Wewe umemwaga maziwa? Ndiyo. Umeshakula? Ndiyo, na tumbo linalia. Alikuwa ameshajua kwamba watu wakipewa ndiyo wanaondoka, na wasipopewa wanapiga. Hapo ndipo maisha yake yote yalipokuwa yananing'inia, kwenye hilo neno moja.

Siku ya tairi ilikuwa mchana, jua la kuchemsha mawe. Kwenye duara moja, yaani shimo wanaloshukia wachimbaji, mawe yenye dhahabu yalikuwa yanapotea kiroba kwa kiroba. Mtu akamwona Minza ana kiroba kichwani. Filimbi. Nilipofika wameshamzunguka, na tairi limeshaletwa, lile la lori, limelala chini kama nyoka. Kijana mmoja tuliyemwita Msafi, kwa sababu ya raba zake nyeupe zisizojua vumbi, ndiye aliyeshika chupa ya petroli. Alipiga kelele kuliko wote.

"Wewe ndiye mwizi?"

"Ndiyo."

"Mmesikia? Amekiri kwa mdomo wake! Umeiba vyote?"

"Ndiyo."

"Tukuchome?"

"Ndiyo," akasema Minza, na akatabasamu, kwa sababu alikuwa anajibu na hakuna aliyemwambia amekosea.

Nilirusha jiwe likampata mtu, sijui nani. Nikapigwa teke, jino likabaki mchangani. Nilikuwa nimelala pale nang'ang'ania mguu wa mtu, nasikia tairi linainuliwa, ndipo nikasikia mfupa unalia. Ni mkono wa Msafi. Chupa ilidondoka, petroli ikanywewa na vumbi. Kamanda alikuwa amefika na hakuwa amesema neno.

Halafu akakaa chini. Katikati ya watu wale wenye mapanga, akakunja miguu, akakaa mchangani kama anataka kuchambua mchele.

"Kaeni," akasema.

Hakuna aliyekaa. Akaanza kuwachapa kwenye mifupa ya miguu, yeye amekaa vile vile, fimbo inazunguka. Waliokuwa karibu wakakaa. Waliokuwa nyuma wakaona walio mbele wamekaa, nao wakakaa. Minza akaona watu wote wamekaa, naye akakaa, akatazamana na Kamanda uso kwa uso.

"Kamanda, ameshasema ndiyo," mtu akaropoka.

"Funga mdomo wako. Hata mbuzi ukimminya anasema ndiyo."

Alikivuta kile kiroba akakiweka mbele ya Minza. Akangoja. Nakwambieni aliwangojesha watu mpaka nzi walianza kutua kwenye midomo yetu. Halafu akasema maneno mawili tu.

"Minza. Nionyeshe."

Minza akainuka, akakiweka kiroba kichwani, akatembea. Sisi nyuma. Alipita kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, akapita kwa mama lishe, akakata kona kwenye choo cha mabati bila kugeuka hata mara moja. Akafika kwenye kibanda kimoja, akatua kiroba pembeni ya mlango, akakiegemeza vizuri mdomo ukiwa juu. Akageuka, akatafuta mtu kwenye kundi, akampata. Akamnyooshea kiganja Msafi.

"Soda," akasema.

Alikuwa anadai soda yake ya kila siku. Yeye alijua ni kazi.

Mlango ulipopigwa teke, viroba vilikuwa vimepangwa hadi usawa wa kitanda cha Msafi. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nitasema kilichofuata. Msafi alipigwa na kila aliyekuwa na mkono. Mimi nilimpiga na sufuria, na ningempiga tena leo. Kamanda ndiye aliyelivunja goti lake, kwa pigo moja, kama mtu anayepasua jiwe kwa kujua mshipa wake uko wapi. Tairi alikataza. "Hachomwi mtu," alisema, na ndilo lililookoa roho ya Msafi, anachechemea mpaka leo. Lakini fimbo hakukataza. Damu iliruka. Na Minza alikuwa amesimama pale pale mlangoni, kiganja bado kimenyooshwa, anangoja soda. Damu iliangukia humo.

Kuanzia siku hiyo Minza aliweka mikono kwapani. Hakuonyesha kitu tena. Ukimuuliza unataka uji au michembe, mikono kwapani. Ukimuuliza wapi panauma, mikono kwapani. Alielewa kwamba akinyoosha mkono, mtu anavunjika. Hata ndiyo yake iliisha. Nikabaki na mtoto mzima, mzima kabisa, asiye na mlango wa kuingilia wala kutokea.

Nilimfuata Kamanda kwenye rundo lake la mawe. Alikuwa anaponda.

"Umeniua mjukuu," nikamwambia.

Hakuacha kuponda. "Nilimtoa kwenye tairi, Mama Shija." Shija ni mwanangu wa kwanza, ndivyo wanavyoniita.

"Ulimtoa kwenye tairi ukamtia kwenye kaburi lingine. Kwa nini ulimpiga yule mtu mbele ya macho yake? Kulikuwa na haraka gani?"

Aliponda. Halafu akaniambia kitu ambacho sikumsikia akikirudia kwa mtu mwingine. Kwamba huko alikotoka, kabla hajafika machimboni, kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe wa watu, mwanamume mwenye nguvu, akili ya polepole kama ya Minza. Ng'ombe walipotea. Yeye Kamanda ndiye aliyemuuliza mbele ya kijiji kizima, wewe umewauza? Akasema ndiyo. Wakampiga.

"Ng'ombe wakapatikana mbugani," akasema. "Nikaenda alikolazwa. Nikamuuliza, wewe ni ng'ombe? Akasema ndiyo. Nikamuuliza, mimi ni mume wako? Akasema ndiyo."

"Akapona?"

"Ponda mawe yako, Mama Shija."

Nikajua hakupona.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Hakubisha hodi, alikaa chini mlangoni pembeni ya Minza, akafungua mfuko, akatoa nyundo mbili. Akaponda. Akaondoka. Akaja tena. Wiki nzima hakumsemesha. Nilimuuliza, "Umekuja kumtazama kama sinema?" Akasema, "Watu wote wamemsemesha. Mimi nampumzisha." Siku moja Minza akatoa mkono mmoja kwapani, akachukua nyundo.

Hapo ndipo Kamanda alipoanza ushetani wake. Alileta uji, akautia chumvi konzi nzima mbele ya macho yangu, akampa Minza. Minza akanywa, akakunja uso, akaendelea kunywa, maana ndivyo alivyozoea, anachopewa anakunywa. Kamanda akasema, "Sitaki." Akamtolea ulimi, akatema chini. "Sitaki." Kesho tena, uji wa chumvi. Keshokutwa, uji wa pilipili. Mtoto anatoka machozi na anakunywa.

Nilimrukia. Wanawake wawili watu wazima, wenye wajukuu, tulipigana kwenye mawe mpaka majirani wakakaa kutazama. Alinikandamiza, nikamng'ata bega. Alama ipo.

"Niachie mjukuu wangu, mchawi wewe!"

"Nikikuachia atakunywa sumu ya mtu mwingine huku anasema asante!" akanifokea, amenikalia tumboni. "Unataka afe na adabu?"

"Nataka asilie!"

"Basi anyamaze milele, kama unavyotaka!"

Ndipo bakuli la uji wa pilipili likampata Kamanda mdomoni. Sikulirusha mimi. Minza alikuwa amesimama, mikono yote miwili iko nje.

"Sitaki!" akasema. "Sitaki! Sitaki!"

Kamanda alianguka pembeni, uji unatiririka shingoni, damu kwenye fizi, na anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile kabla wala baada. Nami nilicheka, nikalia, nikamwambia Minza arushe na sufuria.

Baada ya pale alitushika sote shingo. Alisema haitoshi mtoto mmoja kujua kukataa kama kijiji hakijui kuuliza. Pale machimboni walikuwepo wengine wa aina ya Minza. Kulikuwa na Ngassa mbeba maji, kulikuwa na binti wa muuza mkaa. Kamanda aliwatoa majikoni walikofichwa akawapa nyundo na rundo, kila mmoja rundo lake, wakae na wanawake, wasikilize umbea kama wengine. Neno zuzu na neno taahira aliyafukuza kwa fimbo.

Muuza duka mmoja alimwita Minza "lile zuzu la bibi". Kamanda aliingia dukani akapitisha fimbo kwenye rafu ya juu, chupa zote chini.

"Anaitwa nani?" akamuuliza, anatembea juu ya vigae vya chupa.

"Minza, Kamanda."

"Akija hapa unafanyaje?"

"Namuuliza anataka nini."

"Kwa kelele?"

"Hapana, mayu, mama yangu. Polepole. Neno moja."

"Asiposema?"

"Namwonyesha. Chumvi. Sabuni. Kimoja kimoja."

"Akinyamaza?"

"Nangoja."

"Unangoja mpaka lini?"

"Mpaka aguse."

"Na wenye haraka nyuma yake?"

Yule bwana alitazama fimbo. "Wenye haraka waende duka lingine."

"Haya. Nipe soda," akasema Kamanda, akaketi kwenye gunia akainywa.

Mikutano ya kijiji nayo aliibadilisha. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa maneno marefu, anaanza na salamu za mkoa anamaliza jua limezama. Kamanda alisimama nyuma yake. Mwenyekiti akiunganisha jambo la choo na jambo la mifugo, fimbo inamgusa mgongoni. "Sema moja. Ngoja waliingize kichwani." Watu walicheka, halafu wakagundua kwamba hata wao, wenye akili zao za haraka, siku hizo ndizo walizotoka mkutanoni wanajua kimesemwa nini.

Lakini mtu asidhani Kamanda alikuwa hakosei. Nitasema la vitambaa vyekundu.

Kulikuwa na bwawa la maji yenye sumu, yale ya kuchenjulia marudio, mchanga uliokwisha kusagwa unaooshwa tena kutafuta dhahabu iliyobaki. Ng'ombe alikunywa, akaanguka kabla hajamaliza kumeza. Mwenyekiti akaweka kibao cha maandishi. Kamanda akasema maandishi hayamwambii kitu Minza, wala Ngassa, wala nusu yetu sisi akina mama. Akachomeka miti kuzunguka bwawa, akafunga kila mti kitambaa chekundu. Akaondoka anajisifu.

Ebo! Kwetu sisi kitambaa chekundu juu ya mti ni nini? Ni kwa mganga! Kulipokucha nilikuta foleni. Watu wameleta kuku weusi, wameleta unga. Mchimbaji mmoja amepiga magoti ukingoni, amekunja mikono ya shati, anataka kunawa uso apate nyota ya shimo. Mwingine ana chupa ya kuchotea ya kumpelekea mke asiyeshika mimba. Kamanda alikuja mbio, sijawahi kumwona akikimbia, akampiga teke yule mwenye magoti akabingiria kwenye miiba, akachapa foleni nzima kuanzia wa mwisho.

"Nani amewaambia kuna mganga hapa?"

"Si wewe umeweka vitambaa, Kamanda!"

Alisimama, jicho linatoa machozi, safari hii sijui kama lilikuwa jicho tu. Akaenda nyumbani akarudi na kuku wake mwenyewe, mtetea anayetaga, aliyekuwa akilala chini ya kitanda chake. Akatuita wote, Minza na wenzake akawaweka mbele. Akachovya mdomo wa kuku kwenye maji yale. Kuku alikunywa, akainua kichwa kama kuku wanavyofanya, akapiga mbawa mara moja, akapinda shingo, akafa. Kamanda akampitisha mkono kwa mkono, bado wa moto. Minza alimshika muda mrefu. Halafu akampa Ngassa, akaonyesha bwawa kwa kidole, akamwambia Ngassa, "Sitaki."

Ile ndiyo mara ya kwanza alipoonyesha kitu tangu siku ya Msafi. Kamanda alining'iniza kuku waliokufa kwenye kamba kuzunguka bwawa lote, pakanuka mpaka Segese, na hakuna aliyekwenda tena, mwenye kusoma na asiyesoma.

Niwaambie pia la vidole vya miguu, maana Minza ananikasirikia nikiliacha. Kwenye mashine ya kusaga unga, mwanamume mmoja mgeni, mpita njia wa dhahabu, alimshika Minza kiuno akamwambia twende. Zamani angeambiwa ndiyo. Minza akasema, "Sitaki." Yule akacheka, akamvuta. Minza alikuwa na nyundo yake ya mawe kwenye kitenge. Vidole viwili vilikwenda. Sungusungu walipokusanyika, yule mwanamume analia kwamba amejeruhiwa na mwendawazimu, Kamanda alikaa chini mbele yake, akamuuliza polepole, neno moja moja, kwa adabu kabisa:

"Ulisikia. Neno. Gani?"

"Alisema… alisema hataki."

"Unajua. Maana. Yake?"

Watu walijikunja kwa kicheko. Halafu Kamanda akainuka akamtandika fimbo mpaka akajisaidia. Minza alitazama. Nilimwona akitazama. Mikono ilirudi kwapani, kwa siku ile tu.

Ndivyo alivyokuwa. Alijua mtu anavyoulizwa, na hakujua mtu anavyoachwa. Mkono wake haukumgusa Minza hata mara moja, hilo nalishuhudia. Lakini kila alichomfungulia alikifungua kwa kumvunja mtu mwingine pembeni yake.

Miaka imepita. Mikono ya Kamanda ilianza kutetemeka. Watu walisema ni zebaki aliyoifinyanga kwa vidole vyake miaka yote ile kukusanya dhahabu ya wenzake. Akashindwa nyundo. Akashindwa kikombe. Akaondoka akaenda Runzewe, kwenye chumba, kwa ndugu ambao hawakai nyumbani. Sisi tulibaki. Minza ana rundo lake, ana kiti chake kwenye kikundi cha akina mama, na siku wanapogawana kazi wanamngoja mpaka aguse anayoitaka. Wageni wanashangaa. Wakishangaa sana tunawaambia wakae chini.

Mwaka huu, baada ya kuvuna mpunga, Kamanda alikuja. Alishuka kwenye basi mchana, akatembea kutoka stendi na fimbo yake, fimbo sasa inamshika yeye. Amekonda. Alimletea Minza kitenge kipya na samaki wakavu.

"Shikamoo," Minza akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Nilimnywesha chai mwenyewe, kikombe nikikishika. Hakupenda nimwone. Alipomaliza hakuzunguka.

"Mama Shija, nimekuja kumchukua Minza."

"Kumchukua wapi?"

"Kwangu. Siwezi kufunga kanga yangu. Siwezi kujikuna. Nalala na kiu kwa sababu maji yako mbali na mkono. Sina mtu. Nipe huyu anisogezee siku."

Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Mtu aliyemtoa mjukuu wangu kwenye tairi. Angeniomba figo ningejilaza mwenyewe mezani. Neno mchukue lilikuwa limeshafika kwenye meno, na ningelisema, Minza angefunga mfuko wake aondoke, kwa sababu mimi ni bibi yake na nimesema. Nikamtazama Minza. Alikuwa ameketi na ungo, anapepeta mchele, na mikono imesimama. Anasikiliza.

"Mimi sijibu," nikasema. "Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini? Huyu ni wangu kama wako."

"Muulize, Kamanda."

Akainuka kwa shida, akamwendea, akamsimamia juu ya kichwa. Sauti yake ilikuwa ile ya kwenye kundi, ya filimbi na vumbi.

"Minza! Unakwenda na mimi Runzewe, ndiyo?"

Minza akaweka ungo chini. Alikawia. Nilijikamata nisimsaidie. Alimtazama Kamanda usoni, akatazama fimbo, akatazama tena usoni.

"Sitaki kwenda. Wewe unapiga."

Hata majirani waliacha kutwanga. Uso wa Kamanda ulikunjuka ukakunjika.

"Mimi? Wewe nimekupiga lini?" akapiga kelele. "Sema! Nimekupiga lini? Nimevunja watu kwa ajili yako! Mikono hii imeisha kwa ajili yako!"

Fimbo ilipanda juu, inatetemeka yote, kuanzia chini mpaka kichwani. Nilinyakua mchi wa kinu. Wallahi ningempiga, pamoja na mema yake yote, ningempiga.

"Unakwenda au huendi?"

Minza alisimama. Amemzidi urefu kwa kichwa kizima. Hakupandisha sauti, na hakuangusha macho.

"Sitaki kwenda. Wewe unapiga."